Suruali ya Bi Mize

Mwaka jana nilikwenda Kengeja kumzika Shaame. Kumzika ni maneno tu, sisi wanawake hatufiki makaburini. Nilikwenda kukaa na wafiwa, kula wali wa msiba na kutazamwa na wasichana wasionijua, wakiulizana kwa macho huyu bibi kizee mwenye miwani minene katoka wapi. Uani walikuwa wakipakua. Msichana mmoja alishika upawa, mwenzake akautaka, naye akakataa kumpa. Yule aliyenyimwa akasema, "Haya, kaa nao, suruali ya Bi Mize." Wakacheka wote, na mimi mkono ukanikauka juu ya sinia. Nikamuuliza, "Suruali ya Bi Mize ndiyo nini, mwanangu?" Akanijibu kwa adabu kwamba ndivyo wasemavyo hapo kwao, mtu akiwa na kitu asichotaka kukitoa. Na huyo Bi Mize alikuwa nani? Hilo hakulijua. Labda mwanamke fulani bakhili wa zamani, alisema, akaendelea kupakua.

Bi Mize alikuwa mama wa mume wangu wa kwanza. Alikula nami sahani moja kwa miezi minne na siku kumi, na kila mara kipande cha samaki chenye nyama alikisukuma upande wangu kwa ncha ya kidole, huku akitazama pembeni ili nisione. Huyo ndiye bakhili wao. Kisa cha suruali tulikijua watu watatu, mmoja amekufa zamani, wa pili ndiye huyo niliyekwenda kumzika, wa tatu ni mimi, na mimi nimekaa kimya zaidi ya miaka sitini. Sijisifu kwa hilo. Wako wanaonyamaza kwa busara; mimi nilinyamaza kwa woga, kisha nikanyamaza kwa sababu nimeshanyamaza.

Ya ukoo wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Itoshe kwamba nilitoka Jadida, Wete mjini, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaolewa Kengeja na Faki, na kwamba nilikuja na cherehani ya mkono. Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, mwaka ambao mikarafuu ilizaa hadi matawi yakainama. Chumba tulichopewa kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na dirisha dogo lenye ubao wa kufungulia kwa nje. Ukuta wa nyuma ulipakana na ua, na kwa kuwa ulikuwa wa fito na udongo mkavu, ulisikia kila kilichosemwa jikoni: nani kaazima chumvi, nani kaachwa, muhogo wa nani umeliwa na ngedere. Nilikuwa na kiburi, lazima niseme. Bibi harusi wa mjini, fundi wa kushona, nimeletwa shamba. Niliweka cherehani mezani ambapo kila aingiaye aione kabla hajaniona mimi. Bi Mize alizoea kuipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake akidhani sioni, na akija jirani alisema, "Nkwe wangu huyu, kitambaa akikitazama tu chajikata chenyewe."

Wiki ya kwanza ya ndoa niliona makovu ya Faki. Yalianza chini ya magoti yakapanda hadi ndani ya mapaja, mapana, ya rangi ya waridi, na mengine yalikuwa bado laini. Mtu asiyejua karafuu hudhani mchumaji hupanda kama apandaye ngazi. Hapana. Huukumbatia mti kwa miguu, akajisukuma, akakaa kwenye tawi, akavuta lingine kwa ngoe, na siku nzima gome linamsugua. Jua likiwaka si neno. Lakini msimu wetu hukutana na mvua za vuli, nguo ikalowa alfajiri kwa umande kabla hata ya mvua, ikashikamana na ngozi, ikasugua hapo hapo hadi jioni, na maji moto, wale chungu wekundu, wakaja kumalizia. Msimu uliopita vidonda vya Faki vilioza. Alipata mitoki, akapata homa, akalala siku ishirini bila kuweza kukunja mguu. Bi Mize alinisimulia tukimenya muhogo, kisu kikisimama kila alipofika mahali pagumu. "Mwaka jana, mwanangu, nilidhani ntoto yuanifia. Nishatoa na sanda." Akaendelea kumenya. "Na mwaka huu karafuu nyingi zaidi, na hasikii la ntu."

Basi nikaamua kwamba mimi ndiye nitakayemwokoa. Sikumwambia mtu kwa maneno hayo, ila ndivyo nilivyojiambia. Wanaume wa dago wakati ule walipanda na kikoi kilichopigwa uwinda kati ya miguu, au kaptura iliyochakaa, au gunia lililotobolewa na kufungwa kamba kiunoni. Kengeja kwenyewe karafuu ni chache, ni nchi ya muhogo, migomba na pwani. Msimu ukifika wanaume huenda dago, huhamia mashamba ya mbali, wakajenga vibanda vya makuti na kukaa huko wiki kwa wiki. Nguo ya dago ilikuwa nguo ya kutupwa, hakuna aliyeifikiria. Mimi niliifikiria kama msomi na mtihani wake. Kaki ya dukani nilikuwa na kipande. Nikakiloweka, nikakipima kwa mkono, kikawa kizito na hakikukauka hadi kesho yake. Marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, ilikuwa nyepesi, lakini nikaisugua kwenye gome la mwembe mara hamsini, nikihesabu, ikatoka tundu. Gunia lilikuwa na nguvu ila lilikunywa maji kushinda mtu mwenye saumu. Koti la mpira la askari niliwahi kulishika Wete, na nikajua kwamba mtu akilivaa mtini atalowa kwa jasho badala ya mvua. Nilitaka kitu cha tano, kinachokataa maji kwa nje, kinachopumua, na kisichoraruka.

Nilikipata kisiwani Fundo, kwa mjomba wangu. Alikuwa na tanga kuukuu, pande lake moja bado zima, kitambaa kigumu ambacho sindano hukataa mara ya kwanza na kukubali ya pili. Lilikuwa limechemshwa na magome ya mkoko miaka na miaka, rangi ya chai iliyokolea, na mjomba aliniapia kwamba kitambaa kikishakunywa dawa ile hakiozi. Nikalichemsha tena mwenyewe kwenye sufuria ya Bi Mize, nikaiharibu sufuria, naye hakusema kitu. Kisha likaja suala la kuzuia maji. Pwani hutumia sifa, mafuta ya ini la papa, lakini mtu aliyevaa sifa hawezi kuingia msikitini, hata paka watamfuata. Nikachagua nta ya nyuki. Niliiyeyusha na mafuta kidogo ya nazi, nikaipaka ikiwa moto, nikapitisha pasi ya mkaa juu yake hadi ikazama ndani ya nyuzi, nikarudia mara tatu. Vidole viliniungua, na nilifurahi kuungua. Mishono nililaza na kuipiga mara mbili. Katikati ya miguu niliongeza kipande cha pembe nne ili aweze kutanua hatua bila kupasuka, na ndani ya mapaja, pale penye makovu, nikatia kiraka kizima cha tanga lile lile, nacho nikakipaka nta kuliko sehemu nyingine zote. Siku tisa. Siku ya kumi niliitundika kwenye kamba, nikawaita wote, nikaimwagia maji kata nzima. Maji yalitiririka juu yake kama juu ya jani la jimbi, yakadondoka chini, na suruali ikabaki kavu. Bi Mize alipiga kigelegele kwa nguo.

Faki aliivaa pale pale uani, akachuchumaa, akainuka, akainua goti hadi kifuani. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na alipenda kunitania kwa lafudhi yangu ya Wete. Akajipiga mapajani, ikalia kama ngoma. Shaame, rafiki yake wa utotoni na mwenzake wa dago, alizunguka akiishika huku na huku akasema, "Bi Siti, na miye nshonee, nife mtanashati." Tukacheka. Kisha Faki akaukumbatia mnazi ulioko uani, akapanda hatua mbili, akashuka. Akanitazama, akasema polepole, "Yateleza kidogo, Siti."

Nikamjibu, "Italainika ukiizoea."

"Haya," akasema.

Nimeyageuza maneno hayo matatu kichwani mwangu zaidi ya nilivyowahi kugeuza tasbihi. Mimi sikuwahi kupanda mti wowote maishani mwangu. Niliipima nguo ile kwa maji, kwa gome, kwa kuvuta, kwa kila kitu isipokuwa kwa kazi yenyewe, na mtu mmoja aliyeijua kazi aliponiambia, nilimjibu kama fundi anavyomjibu mteja mkorofi. Wala hakurudia. Faki alikuwa mtu wa namna hiyo, jambo akilisema mara moja amelisema.

Alikwenda dago, akarudi baada ya wiki mbili, Alhamisi, ili Ijumaa asali kwao. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumchunguza miguu. Mizima! Hakuna kidonda kipya. Jambo la pili lilikuwa kuichunguza suruali, nikaigeuza ndani nje, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na hata mkwaruzo magotini, wala uzi mmoja uliotoka. Nikamwita Bi Mize, nikawaita majirani, nikaipitisha mkononi mwa kila mmoja: wiki mbili mtini, na tazameni, mpya! Faki alikuwa amekaa barazani anakula ndizi za nazi, akasikia yote, akanyanyua macho na kuyarudisha kwenye sahani. "Nke wangu fundi," alisema. Habari zikasambaa. Makame, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja mwenyewe kuitazama, akauliza kama nina tanga lililobaki, nikamwambia halikubaki. Aliishika kitambo kirefu kabla ya kuirudisha.

Mjukuu wangu Rahma anafanya kazi ya misitu. Hutembea Ngezi mvua na jua, akipima miti, na juzi alinionyesha kwenye simu suruali mbili, akitaka nimchagulie kwa kuwa bibi yake alikuwa fundi. Moja nyeusi, moja ya kijani, zote zinakataa maji, zina zipu kila mahali. Alipoleta ile ya kijani niliisugua kati ya vidole. Nyepesi, ya ajabu, Mungu amewapa watu akili. Nikamwambia aivae, apande juu ya gogo lililolowa pale nyuma ya nyumba, asimame, akae, ajikokote. Alinicheka lakini alifanya. Nikamuuliza mara tatu kama inateleza, na mara tatu akasema hapana bibi, hapana, hapana, hadi akaniuliza mbona narudia swali lile lile.

Faki alikuwa amerudi dago karibu wiki mbili; siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimepata wazo la kwenda dago bila kuitwa. Wanawake wengine walikuwa huko, wakichambua karafuu jioni na kuzitoa makonyo, vijiti vyake, na mimi nilichoka kukaa na cherehani. Nilitaka pia, nilikiri kwa nafsi yangu hata wakati ule, kuiona suruali yangu juu ya mti. Nilipika muhogo wa nazi, nikakaanga papa, nikatia kapuni na chupa ya chai, nikapanda gari la abiria asubuhi, lile lori lenye mabenchi, nikakaa kati ya mikungu ya ndizi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika. Shamba zima lilidondoka maji. Niliwafuata kwa sauti, wachumaji huimba na kuitana mtini, hadi nikawaona Faki na Shaame chini ya mkarafuu mkubwa, Faki amenipa mgongo, mikono yake iko kiunoni kwenye mkanda. Shaame ndiye aliyeniona kwanza. Alisema kitu, Faki akageuka. Namkumbuka usoni. Nilidhani ni furaha ya kushtukizwa, na ilikuwepo furaha, hiyo siitilii shaka. Mikono ikarudi kwenye mkanda kwa muda mfupi, kisha akaja kunipokea kapu.

"Umekuja kunitazama?" akasema.

"Nimekuja kuitazama suruali," nikasema. "Wewe nakujua."

Akacheka kwa pua. Shaame akasema, "Faki, nti umelowa. Tungoje kwanza, tule." Faki akajibu kwamba ataanza tawi moja, kisha atashuka kula, kwa kuwa mkewe hakuja mbali hivyo kutazama watu wanakula. Akaweka ngoe begani, akaukumbatia mti, akapanda. Nami nilisimama chini na kapu langu, nikitazama maji ya majani yakidondoka juu ya mapaja yake na kutiririka, kavu kabisa, na moyo wangu ulijaa majivuno. Nataka jambo hili lijulikane kama lilivyokuwa. Mara ya mwisho nilipomtazama akiwa mzima nilikuwa naitazama kazi yangu.

Sitaeleza kuanguka. Nilisikia tawi likikatika, na mkarafuu una matawi mepesi, kila mtu anajua. Hakufika hospitali. Njiani nilimpakata juu ya lori na nilikuwa nikimpangusa tope usoni, nikimpangusa na kumpangusa, hadi mtu mmoja akanishika mkono na kuniambia basi, Bi Siti, basi.

Eda nilikaa kwenye chumba kile kile, nguo nyeupe, ubao wa dirisha umefungwa nusu. Mama yangu alitaka nirudi Jadida, Bi Mize akasema mke wa mwanawe atakaa eda nyumbani kwa mwanawe, na nashukuru alisema. Asubuhi alileta uji, adhuhuri tukala pamoja, na baada ya alasiri alikaa mlangoni mwa chumba akichambua mchele ambao ulikwishachambuliwa. Hatukuzungumza sana. Siku nyingine alilia na mimi nikamtazama, siku nyingine ilikuwa zamu yangu. Maneno ya watu ndiyo yaliyonipitishia siku, yale ya uwani nyuma ya ukuta, na kwa maneno hayo nikajua kuhusu nguo.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba nguo alizofia mtu hupewa waliomuosha. Walikuwa wawili, Shaame na Makame. Siku ya hitima Bi Mize aligawa. Kanzu ya Ijumaa alipewa shehe. Shati alilofia, na kofia, na mkanda, vyote vilitolewa. Makame aliyemuosha Faki kwa mikono yake akangoja suruali, na kila aliyekuwepo alijua anaingoja. Bi Mize akasema, "Hiyo siitoi." Hakutoa sababu. Wazee walimsemesha kwa upole, wakamkumbusha haki ya muoshaji, wakamwambia kitu cha marehemu akikizuilia hakimfaidii maiti. Akasema tena, "Siitoi." Niliwasikia wazee wakiondoka barazani. Kuanzia siku ile mke wa Makame, Bi Hidaya, hakulaza ulimi. Kisimani, shambani, jikoni kwetu kwenyewe akija kuazima moto: "Mwanawe yuko chini ya udongo, yeye kakumbatia suruali. Nguo itadumu miaka ishirini ile, yuajua, ndiyo maana." Nami chumbani nilimkasirikia Bi Mize. Nilidhani anaitaka kwa ukumbusho, na nikajiambia kwamba ukumbusho wa mume ni wangu mimi niliyeshona, si wake. Ndivyo nilivyokuwa mtoto.

Siku ya tisa au ya kumi baada ya hitima, alasiri, Shaame alikuja. Hakupita mbele, alipita uwani. Bi Mize alikuwa anakuna nazi na nilisikia mbuzi ikisimama. Walizungumza chini chini, lakini ukuta ule niliwaeleza ulivyokuwa.

"Afadhali hukumpa Makame," alisema Shaame. "Lakini wewe ulijuaje?"

"Sikujua kitu. Nliitazama mapajani. Nta yote ikali ipo, yang'ara kama siku aliyoipaka. Suruali imepanda karafuu mwezi mzima na nta haikusuguka? Nikasema kuna jambo. Hebu nambie, Shaame. Miye ni mama yake."

"Bi Mize, wallahi, kila siku akifika chini ya nti akiivua. Akiikunja, akiitia pakachani, akipanda na kikoi chake kile kikuukuu. Jioni tukishuka akiivaa tena. Haishiki nti, Bi Mize. Yakataa maji na nti nao yaukataa."

"Na vidonda je? Miguu yake ilikuja mizima."

"Mvua ilikuwa haijaanza, ilikuwa umande tu. Na akijipaka mafuta ya nazi."

"Kwa nini hakumwambia nkewe?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema kashona siku tisa, vidole vimeungua, n'tamwambiaje."

"Na siku ile?"

Nilijua jibu kabla hajalisema. Nilikuwa nimekaa kitandani, nikauma kanga.

"Siku ile alikuja, Bi Mize. Faki keshaanza kulegeza nkanda. Akamuona nkewe yuaja na kapu. Akaukaza."

Sikusikia kilio. Nilisikia mbuzi ya nazi ikianza tena, mara mbili, tatu, ikasimama. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia ntu. Nimesema tawi. Na tawi lilikatika kweli, alivyolidaka akiteleza."

"Basi ni tawi. Ntu akikuuliza, tawi. Yule aliye ndani akikuuliza, leo au akiwa mzee hana meno, tawi. Wanisikia, Shaame? Ntoto wa watu ana miaka kumi na tisa."

Alipoondoka, Bi Mize aliingia chumbani kwangu. Nilijilaza nikafumba macho, na nilijua hakuamini kwamba nimelala, au labda aliamini, hilo sitalijua kamwe. Alifungua mtoto wa meza ya cherehani akachukua mkasi wangu. Kisha nikamsikia uwani akikata. Nilijua ni nini kwa sauti yake. Kitambaa kile hakikatiki kimya. Mkasi ulikwenda, ukafika kwenye mshono nilioupiga mara mbili, ukakwama. Akahema, akaanza tena. Kiraka cha ndani kilimchukua muda mrefu kuliko yote. Alikuwa na mikono ya uzee yenye kuvimba vidole, na mimi ndiye niliyeifanya nguo isikatike. Alikata hadi adhana ya magharibi. Harufu ya nta ikiungua ikaingia chini ya mlango, na alipoleta chakula nikamuuliza anachoma nini. "Matambara," akasema, akaketi, akasukuma kipande cha samaki upande wangu.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na maneno mdomoni: mama, nimesikia. Lakini kusema nimesikia kulikuwa kusema nimemuua, kwa sauti yangu, mbele ya mama yake, na sahani iko kati yetu. Nikala samaki.

Eda ilipokwisha walifanya shughuli ndogo ya wanawake. Nilioga, nikavaa kanga mpya, nikatolewa nje, na jua likaniumiza macho. Walipika bokoboko, uwani kulijaa. Bi Hidaya alikuwepo, sahani yake mapajani, na alisubiri hadi kila mtu akawa na chakula. "Bi Mize," akaita kwa sauti ya mzaha, "na ile suruali je? Ikali sandukuni? Wangoja nani aivae?" Wachache wakacheka, halafu wengi. Bi Mize alikuwa amesimama na chungu. Hakunitazama. Laiti angenitazama, labda ningepata ujasiri, ingawa nasema hivyo kujisaidia. "Ipo," akasema. "Naitunza." Akamsogelea Bi Hidaya akamwongeza bokoboko, akammwagia na samli. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, na kilichohitajika ni sentensi moja. Nikainamia sahani yangu.

Alinisindikiza hadi lilipo gari, amebeba cherehani kichwani, akakataa kabisa nimpokee. Lori lilikuwa linapakia muhogo. Tulikaa juu ya gogo tukingoja, akanifunga upya kitambaa cha kichwa kama kwamba mimi siwezi. Kisha akasema bila kunitazama, "Tawi lile lilikuwa bovu, mwanangu."

"Najua, mama," nikasema.

Alikufa baada ya miaka kumi na moja. Nilikuwa nimeolewa tena, nina watoto, nilikwenda msibani pamoja na mmoja wao mgongoni. Wanawake waliomuosha walitoa sanduku lake uani kugawa vitu vyake, na niliona jinsi walivyojisogeza, hata wale wasiostahiki kitu. Walitoa kanga moja moja, wakazikung'uta. Walitoa kanzu ndogo ya mtoto, ya Faki bila shaka, wakaiweka kando. Walipofika chini kabisa, Bi Hidaya, ambaye alikuwa mzee sasa, alipitisha mkono kwenye pembe zote nne za sanduku. Hakuna kitu. Wakatazamana. Mmoja akasema basi atakuwa kaizika pengine, hata kaburini hakutaka mtu aipate, na mwingine akamwambia astaghfirullahi, lakini akatabasamu. Kisha wakanigeukia mimi, mkwe wa zamani, mwenye kuishona, wakaniuliza kama najua Bi Mize alikoiweka ile suruali.

Nikasema sijui.